Siku Ishirini na Nane

Fundi mwashi huyu walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye chuma kizito nchani inayopima kama ukuta umesimama wima, kwa sababu kuta zake hazikuwahi kupinda hata unene wa ukucha. Mdomo wake nao ulikuwa hivyo hivyo. Akikuta kazi ya mwenzake imekwenda upande, anasema palepale mbele ya mwenye nyumba, bila haya. Kwenye zege ndiyo usiseme! Mwenye nyumba akitaka mbao zinazolishikilia zivuliwe kabla halijatimiza siku ishirini na nane, Timazi anakunja mikono. "Bosi, ukitaka kuifukia familia yako, tafuta fundi mwingine." Watu walimchukia, na kazi wakampa.

Basi siku moja ubao wa jukwaa ukakatika chini ya miguu yake, ghorofa ya pili, mchana kweupe. Akaangukia rundo la matofali, mguu wa kulia ukavunjika katikati ya muundi. Hospitali wakaunga mfupa, wakaufunga gamba la jasi kutoka pajani mpaka vidoleni. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akamwambia wiki kumi na mbili, na asiukanyagie hata kwa mzaha.

Wiki kumi na mbili! Mtu aliyekuwa akila chakula cha mchana amesimama! Alilazwa chumbani kwake karibu na dirisha, na dirisha lenyewe, kwa ukorofi wa dunia, lilitazama nyumba iliyokuwa ikijengwa ng'ambo ya barabara na fundi mwingine. Kila mstari wa matofali ulipopanda, Timazi aliuona unavyokwenda kushoto. Alipiga kelele dirishani mpaka koo likamkauka. Alisali pia, lakini sala zake zilikuwa za mtu anayemhimiza mwenye lori la mchanga: "Mungu, Jumatatu niwe nimesimama." Jumatatu ikapita. Akampa Mungu mpaka Alhamisi.

Mkewe alikuwa mfanya usafi shuleni, anaondoka asubuhi na kurudi alasiri. "Baba watoto," alimwambia, "huyo Mungu si kibarua wako."

"Na mimi si gogo, mama watoto."

Asubuhi ya siku ya ishirini na tisa, mkewe akiwa kazini, Timazi aliligonga gamba kwa mpini wa mwiko, kama alivyozoea kugonga kuta, akatega sikio. Likaitikia mlio mkavu. Akapiga hesabu yake ya kifundi: zege linalobeba ghorofa nzima linakomaa kwa siku ishirini na nane, sembuse kijifupa cha muundi? Mtu mzima na akili zake, jamani! Akaliloweka gamba kwenye ndoo ya maji, akalichana kwa kisu cha jikoni, akautoa mguu uliokonda kama wa mtu mwingine. Akasimama. Hatua ya kwanza, akacheka peke yake. Ya pili. Ya tatu mfupa ukatokeza nje ya ngozi.

Mkewe alimkuta sakafuni, sauti imemwisha kwa kuita.

Safari hii wakamtia vyuma, na kidonda kikatunga usaha. Mguu ulinuka mpaka akaona aibu mkewe akimsogelea. Daktari yule yule hakumgombeza, na hilo lilimuuma kuliko matusi. "Nakupa siku kumi na nne," alisema. "Kidonda kisipoanza kukauka, tunakata juu ya goti, tuokoe roho yako."

Hapo Timazi akanywea. Hakuwa na cha kugonga wala cha kupima. Kila asubuhi muuguzi alipofungua bandeji, yeye alifumba macho na kuushika mkono wa mkewe, aliyeomba ruhusa kazini, kwa sababu hakuthubutu kutazama.

"Vipi?"

"Bado," mkewe akajibu.

Siku ya tano, bado. Siku ya nane homa ikampanda, akawa anamwita mama yake, marehemu wa miaka mingi. Siku ya tisa alitaka kusali, akatafuta tarehe ya kumpangia Mungu, akaikosa. Akasema tu, "Nipo hapa. Naogopa." Akasema hivyo tena kesho yake, na keshokutwa yake. Woga haukuondoka, ila aliacha kuuliza leo ni siku ya ngapi. Ndipo asubuhi moja vidole vya mkewe vikambana mkono kwa nguvu. "Pembeni pamekauka," mkewe akasema, akaangua kilio.

Hawakukata. Lakini mwaka mzima ukapita kabla hajaruhusiwa kuukanyagia mguu, na ile nyumba ya ng'ambo ilikwisha kuezekwa, imepinda vilevile, watu wanaishi ndani.

Siku hiyo ya kwanza alimwomba mkewe amletee timazi yake na kuifunga juu ya mlango. Akakunja suruali, akasimama sambamba na kamba, akatazama chini. Kamba ilishuka sawa. Mguu uliiacha kamba chini ya goti, ukaenda zake nje, upana wa vidole vitatu. Jukwaani hatapanda tena. Alilijua hilo bila kuambiwa.

"Ukuta kama huu," akasema, "ningeubomoa."

Mkewe alikuwa amepiga magoti, ameushika ule uzito wa chuma usiyumbe. "Basi shukuru," akamjibu, "fundi wako si wewe."

Timazi akaishusha suruali. Akaomba apewe mkongojo.