Namba Moja ya Bibi Simu

Habari ilinifikia jana nikisahihisha sura ya riwaya yangu: yule mama tuliyemwita Bibi Simu amefariki, na alasiri hiyo hiyo akazikwa Temeke. Nikaweka kalamu chini. Sikuwa ndugu yake wala jirani yake. Alinifundisha kazi, basi, kabla sijaanza kuwasumbua ninyi wasomaji kwa safu hii. Lakini nyumbani kwetu yuko mtu ambaye, lau si mama huyo, leo asingekuwa na mkono wa kulia.

Alikuwa mkuu wa simu katika kiwanda cha nguo kilichokuwa kimefanywa mali ya umma. Swichibodi mpya ya kuunganishia simu ilikuwa njiani, na sisi wanagenzi alitutengenezea ya bandia: sanduku la mbao lenye vibati vya namba, kila kibati na kamba yake. Alikaa nyuma ya sanduku akivuta kamba. Kibati kikianguka, maana yake sehemu fulani ya kiwanda inaita. Vikianguka pamoja, tulianza na namba ndogo. Kwa hiyo kugawa namba kulikuwa kuamua nani asikilizwe kwanza, na kiwanda kizima kililijua hilo. Watu wakaanza kuja na zawadi. Wa stoo akaleta sabuni, mpishi akaleta maandazi.

"Mama, tufikirie namba moja."

"Maandazi nitakula, ndugu yangu. Namba utapata ya mwisho, maana ukiita wewe, chumvi imekwisha."

Akaja dereva wa meneja. "Bosi anasema namba moja ni yake."

"Mwambie bosi sauti yake inafika hapa hata bila waya."

Tulicheka hadi machozi. Meneja naye alipoambiwa alicheka, akapokea namba nne.

Namba moja ilibaki tupu huku tukijaribu mgawo baada ya mgawo kwenye lile sanduku. Kila mara aliuliza, "Huyu akisubiri, ataharibikiwa na nini?" Mwishowe akaipa sehemu ya wafumaji, ambako hakuna aliyeomba. "Hawakuja," alisema, "kwa sababu mikono yao iko kwenye mashine."

Dada yangu alikuwa mfumaji huko. Asubuhi moja, swichibodi ya kweli ikiwa imeshawekwa, umeme ulikatika ukarudi ghafla, na vibati vikaanguka karibu vyote, kila ofisi ikitaka kujua kuna nini. Mkono wangu ulikwenda kwenye namba moja kabla sijafikiri. Msimamizi wa wafumaji alikuwa anapiga mayowe: "Wakate umeme! Mtu kanaswa mkono!" Nikaunganisha chumba cha umeme, mashine zikanyamaza. Kwamba aliyenaswa ni dada nilijua baadaye, hospitalini, mkono umefungwa bendeji na yeye akinicheka: "Eti msimamizi anapiga mayowe, wewe unamjibu 'namba, tafadhali'! Mie ningekufa hapo!"

Leo dada yuko matangani Temeke, anakata vitunguu kwa mkono ule wenye kovu. Nami nafikiri juu ya nchi yetu changa, ambamo sote tunaita kwa pamoja. Kengele zikishalia, hakuna nafasi ya kupima. Ni vizuri tukapanga mapema nani tumsikie kwanza, na tukamkumbuka asiyekuja kuomba.

Mchapaji ananidai ile sura tangu asubuhi. Nimemwambia asubiri, hataharibikiwa na kitu.