Marehemu Asiyezaliwa

Nilistaafu uofisa wa ustawi wa jamii nikiwa na afya, heshima, na imani kwamba kazi ya serikali, hata ikichelewa, huelekea mahali fulani. Imani hiyo ilinitoka baadaye, kampuni ya ushauri kutoka Dar es Salaam iliponichukua kwa muda ili niisaidie kuimarisha mfumo wa hifadhi ya jamii. "Kuimarisha" ndilo neno lililoandikwa kwenye bango la ukumbi wa Mukendo, mjini Musoma, tulikofungulia warsha, nami sikulitilia shaka.

Kazi yenyewe ilielezeka kwa urahisi. Kaya maskini zilikuwa zimeandikwa katika madaftari mbalimbali: hili la ruzuku, lile la bima ya afya, jingine la chakula cha msaada. Sasa zote zingeingia katika daftari moja la kielektroniki, na kishikwambi ndicho kingeamua nani anastahili, si mwenyekiti wa kijiji. Nilipiga makofi. Katika utumishi wangu niliwaona wenyeviti wengi wakiwaandika shemeji zao na kuwaacha vikongwe. Nikapewa cheo cha mshauri wa mkoa. Kumbe nilihitajika ili niwasalimie wazee kwa lugha yao ya nyumbani.

Tulianzia Nyasura, mjini Bunda. Huko mambo yalikwenda sawa: baba, mama, watoto, mpangaji wa chumba cha uani. Kiongozi wa timu, mwanamume mwenye adabu na haraka, akasema Mara ni mkoa mwepesi. Nilimwomba asubiri tufike Butiama.

Huko Butiama, katika kijiji ambacho sitakitaja, tuliingia kwa mama mmoja mzee ambaye Mungu alimjalia mabinti tu, nao walikwisha kuolewa mbali. Alipofiwa na mumewe alifuata desturi yetu ya nyumba ntobhu: alitoa ng'ombe, akaoa mwanamke kijana, ili amzalie watoto watakaobeba jina la ukoo na kurithi shamba. Mwanamume anayewazaa hana nafasi katika nyumba hiyo, wala haulizwi. Mtu anaweza kuipenda desturi hii au asiipende. Mimi mwenyewe, kazini, niliwahi kuipinga mara kadhaa. Lakini ipo, na watu wanaishi ndani yake. Mama, mkewe na watoto walikula chungu kimoja, na ruzuku ndiyo iliyowavusha msimu ule mihogo ilipoozea ardhini.

Karani wetu, binti mpole, aliketi na kishikwambi chake.

"Bibi, huyu dada ni nani wako?"

"Mke wangu."

"Mke wa mtoto wako?"

"Wewe binti, huna masikio? Wangu mimi. Nilimtolea ng'ombe."

Majirani waliosimama mlangoni wakacheka. "Mwambie na vile ulivyokuwaga unaomba kupunguziwa mahari!" mmoja akapaza sauti. "Hata ndama hukuongeza!"

Binti akabonyeza. Kishikwambi kikakataa. Mkuu wa kaya akiwa mwanamke, mwenzi wake hakuruhusiwa kuwa mwanamke.

"Weka mfanyakazi wa ndani," kiongozi akaelekeza.

"Mfanyakazi analipwaga," yule mke kijana akasema bila kuacha kuchambua mboga. "Mimi nani ananilipaga?"

Ndipo wakaigawa kaya. Mama peke yake: ana nyumba, ana shamba, hana anayemtegemea. Hastahili. Mkewe na watoto: ana nguvu, hana nyumba wala ardhi, ni mkazi wa muda. Hastahili. Hivyo nyumba moja maskini ikageuzwa, mbele ya macho yetu, kuwa nyumba mbili zisizohitaji kitu.

Nilimwambia kiongozi, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia ofisini, kwamba daftari lisiloweza kuwaona watu walioketi mbele yake lirekebishwe. Kipengele kimoja tu kingetosha.

"Mzee wangu, dodoso limeshapitishwa juu. Nikifungua kimoja, nimefungua vyote." Akafikiri kidogo. "Lakini kipo cha mkwe mjane. Tuandike mtoto wa kiume ni marehemu, huyu dada ni mjane wake. Hiyo inapita, tena kwa alama nyingi."

"Unataka mama huyu aseme uongo?"

"Nataka ale."

Jibu hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu halikutoka kwa mtu mbaya.

Nikamweleza mama ombi lile kwa lugha ya nyumbani. Mama akatikisa kichwa. "Kifo hakiitwi. Mtoto ambaye Mungu hakunipa, ndiyo nimuue?"

Mkewe akaweka ungo chini. "Mama, tulishindaga na uji wa chumvi. Watoto wako hawa. Sema tu."

Mama akamgeukia karani. "Andika. Nilikuwaga na mwana. Amekufa."

"Jina la marehemu?" binti akauliza, maana kishikwambi kiliuliza.

Majirani hawakucheka tena. Mama akalitaja jina. Niliambiwa baadaye kwamba alikuwa amemwekea mwana jina hilo tangu alipoolewa, na hakuwahi kumpa mtu yeyote, hata mjukuu.

"Alifariki mwaka gani?"

"Leo."

Binti akaandika mwaka ule ule. Kishikwambi kikapokea kila kitu.

Tulipokuwa tukifunga vifaa, mama aliomba maji na wembe. Mkewe akapiga magoti nyuma yake, akaanza kumnyoa, kama anavyonyolewa mzazi aliyefiwa. Wanawake wakaingia mmoja mmoja, wakaketi chini karibu naye.

"Bibi anajipendezesha," kiongozi akaniambia kwa furaha tulipokuwa tukipanda gari. Alikuwa amekwisha kumpiga picha.

Ripoti ya mwisho ilisomwa Musoma. Changamoto za kitamaduni, ilisema, zilitatuliwa uwandani. Picha ya mama, kichwa kikiwa kimenyolewa, ikaonyeshwa ukutani kuwa mfano wa kaya iliyofikiwa, na wajumbe wakapiga makofi. Nilisimama. Nikaomba kumbukumbu zisahihishwe: katika nyumba ile hakuna mwana aliyekufa, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa.

Kiongozi hakukasirika. Aliinama kwenye kipaza sauti, akaniuliza kwa upole, "Tusahihishe, mzee wangu? Tukisahihisha, wanatoka."

Ukumbi mzima uliningoja. Maisha yangu yote ya kazi nilifundisha vijana kwamba kumbukumbu ya uongo ni wizi. Nikasema isisahihishwe, nikaketi. Ruzuku inawafikia, nami katika kuyaandika haya nimeficha majina yao na la kijiji chao, asije mtu mwaminifu akawafuta.