Namba za Pikapu Yangu

Mdogo wangu alinipigia simu asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa dukani kwangu Tunduma nasimamia vibarua wakishusha mchele wa Kamsamba. Hakunisalimia, na yeye si mtu wa kukosa salamu. Alisema, "Dada, ametoka. Njoo sasa," akakata.

Sikuuliza nani ametoka. Nilimwachia msaidizi wangu duka, nikachukua funguo za pikapu.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu. Tangu mama atutoke, mimi ndiye mama yake. Aliolewa na askari polisi, wakahamia Vwawa, na ukoo mzima ulijivunia. Kijana mwenye kazi ya serikali, mpole wa sauti, anayemwamkia kila aliyemzidi umri. Miaka ikapita. Mdogo wangu akaanza kuja misibani amejitanda khanga hadi shingoni wakati wenzake wanajipepea. Mara ameteleza bafuni, mara amegongwa na mlango. Safari ya mwisho niliyomtembelea alikuwa amepoteza jino la mbele, na hakujisumbua hata kutunga uongo. Alishawahi kwenda kulalamika kituoni. Aliyempokea alikuwa rafiki wa mumewe. Akaambiwa arudi nyumbani wakayamalize kifamilia, na nyumbani yakamalizwa kweli, kwa mkanda.

Basi tulikubaliana: siku mumewe atakapoingia kazini mapema, nitamchukua nimpeleke Ileje, kwa shangazi yetu, milimani ambako ukoo wetu umelima kahawa na ndizi tangu enzi za babu.

Nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba na mfuko mmoja wa nguo. Alipanda mbele, akajifunika khanga kichwa kizima, akainama. Kutoka Vwawa hadi Mpemba hakuinua kichwa. Pale njia panda nikakata kushoto kuifuata barabara ya Isongole, na hapo tu ndipo nilipomsikia akivuta pumzi. "Tumepita," alisema. Mimi pia nilidhani tumepita.

Shangazi alitupokea bila maswali. Alimshika mdogo wangu mashavu, akamtazama pengo la jino, kisha akaingia jikoni kutuletea magimbi na chai. Jioni haijaingia nikageuza gari kurudi, moyo mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Kesho yake, duka likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa, shemeji alinipigia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, shemeji. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Jana ulipita Mpemba. Ukakata barabara ya Ileje."

Nikasema nilikwenda kutazama maharage.

"Ndiyo, dada. Kwenda mlikuwa wawili. Aliyekaa pembeni yako alijifunika khanga. Kurudi ulikuwa peke yako."

Aliyasema kwa sauti ileile ya upole aliyotumia siku ya kutoa posa. Hakutukana wala hakutisha. Aliniambia nimsalimie shangazi, akakata simu.

Inabidi nieleze kidogo kuhusu kamera, maana wakati ule ndizo zilizokuwa habari ya mji. Zilifungwa juu ya nguzo kando ya barabara kuu, na watu wakaambiana kwamba hazipigi picha tu, zinasoma namba za gari, moja baada ya nyingine, na kuzitunza. Madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani walibishana juu yazo kutwa. Mmoja anasema wezi wa magari wamekwisha. Mwingine anauliza kwa nini yeye ambaye hajaiba hata sindano aandikwe kila anapokwenda kumwona hawara. Wanacheka. Wengine walianza kupaka namba zao matope, wakasimamishwa kwa hilohilo. Mimi nilikuwa upande wa kamera, tena kwa sauti. Jirani yangu aliibiwa gari Chapwa, likakamatwa Mlowo kabla ya mchana, nami nikawaambia watu dukani kwamba anayeogopa kuonekana ana lake jambo.

Sikukuu moja shemeji mwenyewe alituonyesha, sebuleni kwangu, tukiwa tumeshiba wali. Aliomba namba za gari la mume wangu, akampigia mwenzake wa zamu, na kabla soda haijaisha akatuambia gari lilikopita wiki nzima. Tulipiga makofi. Mume wangu, ambaye ni dereva wa masafa marefu na hucheka kwa urahisi, hakucheka sana siku ile. Nilidhani amechoka.

Sasa nilisimama katikati ya magunia, simu mkononi, nikayaelewa yote kwa mara moja. Shemeji anapafahamu kwa shangazi. Ndiko mahari ilikopokelewa. Hakuhitaji kuuliza mtu njia.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuwasha pikapu na kumfuata mdogo wangu. Nilifika hadi mlangoni mwa gari. Nikalitazama lile bati la njano lenye namba, nikarudisha funguo mfukoni. Nikienda, ninamwonyesha njia. Nikafikiria kuazima gari la jirani; nalo lina namba, na jirani ana watoto. Pikipiki nazo zina namba. Nilikuwa na gari, nilikuwa na mafuta, na nilikuwa nimefungwa kama mbuzi.

Nikampigia shangazi. Simu yake hushika mtandao akiwa uani tu, karibu na migomba. Ikaita, ikakatika. Ikaita tena, ikakatika. Mteja mmoja mwanamke kutoka Nakonde, upande wa Zambia, anayenunua mchele kwangu siku zote, aliniona natembea huku na huko akaniuliza kama kuna msiba. Nilitikisa kichwa. Hatimaye shangazi akapokea.

"Anajua," nilimwambia. "Ameniona barabarani. Atakuja huko."

"Amekuonaje na yeye yuko Vwawa?"

"Namba za gari, shangazi. Kuna kamera zinazosoma namba."

Nilisikia kuku wake. Kisha akasema, "Miguu haina namba, mwanangu. Usije. Usinipigie tena mpaka nikupigie mimi."

Shangazi ana ndugu ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi. Watu wa kule na wa huku ni ukoo mmoja, wanazikana na kuozana, na mto wakati wa kiangazi unavukwa kwa kukunja sketi. Nilijua ndiko atakakokwenda. Lakini yeye ni mtu mzima mwenye magoti mabovu, na mdogo wangu mbavu zilikuwa bado zinamuuma kwa kipigo cha mwisho. Siku nzima niliuza mchele bila kujua ninachopima. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya duka lilinifanya nigeuke. Mume wangu alikuwa safarini Zambia. Nilipompata kwenye simu alisema neno moja tu: "Usikae peke yako."

Jioni ile simu haikuita. Asubuhi iliyofuata haikuita. Nilipika uji nikaumwaga.

Mchana shemeji aliingia dukani. Alikuwa amevaa kiraia, viatu vimejaa vumbi jekundu la Ileje. Nilipoviona viatu vile moyo wangu ulipiga kwa hofu, kisha kwa furaha, maana mtu aliyempata mkewe asingekuja kwangu.

"Dada, yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinichezee." Upole ulikuwa umemwisha. Aliegemea meza ya mizani, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Jumapili ulikwenda kanisani Chapwa, ukatokea huko ukaenda Mlowo. Ulifuata nini Mlowo? Jumatatu Mpemba, asubuhi na jioni. Unadhani utamficha wapi mke wangu mimi nisikuone? Popote utakapokwenda na hilo pikapu lako, nitajua kabla hujazima injini."

Mlowo nilikwenda kumjulia hali rafiki aliyeharibikiwa mimba, naye hakutaka mtu ajue. Kusikia safari ile ikitoka kinywani mwa mtu huyu, mbele ya wateja, niliona aibu kana kwamba nimevuliwa nguo. Nilitaka kujitetea. Nilitaka hata kumweleza. Hicho ndicho kinachonikera hadi leo, kwamba nilitaka kumpa maelezo.

Badala yangu alisema yule mteja wa Nakonde, aliyekuwa amekaa juu ya gunia akisubiri mzigo wake. Alisimama taratibu. "Awe, bamayo," aliniambia kwa Kibemba chake, yaani hapana, mama, kisha akageukia Kiswahili na kumtazama shemeji. "Baba, mimi nimesikia yote. Na hawa nao wamesikia. Unamfuata mama wa watu?"

Vibarua walikuwa wameacha kubeba. Shemeji aliwatazama, akaona kwamba wako wengi na yeye yuko peke yake, bila sare. Akatoka.

Shangazi alinipigia muda mfupi baadaye, kwa namba nisiyoijua. Walikuwa wamevuka. Mdogo wangu alikuwa amelala, amekula. Nilikaa chini sakafuni, palepale kwenye punje za mchele zilizomwagika, nikalia mpaka msaidizi wangu akafunga mlango.

Kesho yake niliendesha pikapu hadi Vwawa. Nilipita chini ya kila kamera kwa mwendo wa kawaida, nikijua kila moja inaniandika. Nilikwenda dawati la jinsia la polisi. Nilimwogopa afisa niliyemkuta kabla hajafungua mdomo, kwa sababu ya sare yake tu. Alikuwa mama wa makamo. Alinisikiliza habari ya jino, ya mbavu, ya mkanda, akiandika. Nilipofika kwenye namba za gari akaweka kalamu chini, akainuka, akafunga mlango.

"Hayo ya safari zako, alikutajia mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake, mbele ya wateja."

"Watakuja kusema?"

"Mmoja ni wa Zambia. Amesema atakuja."

"Mlete." Akakaa tena. Alikuwa amekasirika, lakini si kwangu. "Mama, mimi nina binti ameolewa," alisema, akaendelea kuandika.

Mteja wangu alivuka mpaka akaja kutoa ushahidi, amevaa chitenge chake kizuri kama anakwenda harusini. Mdogo wangu naye alikuja kusimulia, akiwa amesindikizwa. Kesi ilifunguliwa. Shemeji alisimamishwa kazi, na hadi ninapoandika haya bado hukumu haijatoka. Ukoo wao haututembelei, na wapo wa kwetu wanaosema nimevunja nyumba ya watu.

Kuhusu kamera, niliuliza. Niliuliza nani alimruhusu kutazama, ni nani mwingine anayetazama, na njia zangu zitatunzwa hadi lini. Afisa mmoja wa kiume, mwenye adabu, alinijibu kwamba hilo ni suala la ndani na linashughulikiwa. Nilirudi mara nyingine nikapewa jibu lilelile na mtu mwingine. Yule mama wa dawati, nilipomuuliza yeye, alisema na yeye angependa kujua.

Gari sikuliuza. Mchele hauji Tunduma kwa miguu. Lakini nimeona mambo yaliyobadilika kwangu bila kuyaamua. Nikipata hamu ya kumtembelea mtu, najiuliza kwanza safari hiyo itasomekaje kwa asiyenijua. Rafiki yangu wa Mlowo sasa namwomba aje yeye, kwa basi. Wakibishana madereva dukani, sisemi kitu, nawapimia mchele wao.

Mdogo wangu ameweka jino la bandia na anafanya kazi ya ushonaji. Tunaongea kila Jumapili baada ya ibada. Ananiomba niende nikaone chumba chake kipya, na bado namjibu kwamba barabara ni mbaya. Mji anaoishi sitauandika hapa.