Nguzo za Likwata

Ukilala chini ya paa la Likwata ukaamka umelowa, basi si mvua, umejikojolea. Ndivyo walivyosema watu wa Nangumbi, na fundi mwenyewe hakuwakanusha. Alikuwa na majivuno huyo! Ila nyumba zake zilisimama. Miti aliikata siku za giza la mwezi tu, maana mti uliokatwa mwezi ukiwa mpevu una maji matamu, na bungua, wadudu watoboao miti, huyafuata wakautafuna wote. Kisha aliiacha ikauke miezi mitatu. Aliyemharakisha alijibiwa, "Nenda ukajengewe na ndege." Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na nguzo za mkongo, na kwenye moja mkewe, Mwahija, alizoea kutundika kibatari, mpaka ikaungua alama nyeusi mfano wa jani.

Mwaka wa sabini na nne ikaja Operesheni. Watu watoke mashambani, wahamie barabarani, wakae pamoja. Malori yalifika asubuhi, na adhuhuri mapaa ya Nangumbi yalikuwa yanawaka, ili mtu asiwe na pa kurudia. Nguzo za Likwata hazikuchomwa. Msimamizi, kijana akiitwa Eusebio, alizigonga kwa kidole akasema, "Hizi zing'oeni. Zitafaa ofisi ya kijiji." Likwata alipandishwa lori lilelile lililobeba nguzo zake.

Barabarani walikuta mistari ya chokaa. Nyumba zote sawa, hatua sita kwa tano, milango yote iangalie barabara, ua wa nyuma hakuna. Ziwe tayari kwa siku kumi, kuna mgeni mkubwa atapita.

"Bwana Msimamizi," alisema Likwata, "mlango ukielekea kusini mvua itaingia mpaka kitandani. Na bila ua wanawake wataogea wapi? Halafu mwezi huu mpevu. Tupe wiki mbili uishe, tukate miti ya maana."

Eusebio alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, sisi tunajenga taifa, wewe unatazama mwezi!" Na watu wakacheka naye, walewale aliowajengea. Kicheko kile kilimchoma kuliko moto wa Nangumbi. Akakata miti mibichi pamoja na wenzake, wakakandika, wakaezeka. Mgeni mkubwa akapita na gari, hata kioo hakushusha.

Likwata alikuwa na binti mmoja, Kadija, aliyeolewa Mchinga. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama yake, ndiyo mila, basi mumewe, Bakary, akamleta tumbo likiwa la miezi minane. Kijana aliingia ndani, akapitisha kidole ukutani. Unga wa njano ulikuwa unachuruzika kwenye miti, na bungua unawasikia kabisa wanavyotafuna.

"Baba, usinielewe vibaya," alisema. "Naomba nirudi naye. Kwetu kuna nyumba ya mawe. Mama aje naye, amuuguze hukohuko."

"Baba Kadija, mruhusu," alisema Mwahija.

Na Likwata alijua. Lahaula, nani ajue kama si yeye? Lakini bado alikuwa anakisikia kile kicheko. "Binti wa fundi akazalie kwa watu, eti nyumba ya baba yake mbovu? Mfinyanzi ndiye hulia gaeni. Mimi si mfinyanzi!" Bakary akainamisha kichwa, maana mkwe habishani na mkwe. Akaondoka peke yake.

Kadija alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya tano masika yakashuka, mvua ya kusini, ikaingia mlangoni na kulowesha ukuta kuanzia chini. Likwata akakimbilia porini kutafuta mti mkavu wa kuuegemeza. Aliporudi na mti begani, akakuta watu wanafukua matope kwa mikono. Mtoto alikuwa nyumba ya jirani, bibi yake kampeleka kumwogesha. Kadija alikuwa amelala upande wa ukuta ulioanguka.

Mvua haikukatika. Katika mstari wote ule hapakuwa na nyumba ya kuaminiwa kubeba msiba, isipokuwa ofisi. Maiti ikaoshwa na kulazwa humo. Mwahija alipoinua uso aliiona kwenye nguzo ile alama nyeusi mfano wa jani. Akaipapasa. "Umefika kwenu, mwanangu," alisema, na mumewe hakumtazama.

Bakary alifika kutoka Mchinga amelowa chapachapa. Alitazama paa, akatazama pembe zote nne. Pakavu.

"Baba," aliuliza, "miti ya nyumba hii alikata nani?"

"Mimi," alijibu Likwata.

Eusebio akachungulia mlangoni, kofia mkononi. "Poleni sana, wazee wangu. Ila saa nane tuna mkutano humu. Mtanisamehe."

Saa nane ilikuwa karibu. Likwata akashika jeneza upande wa kichwa, wakamtoa Kadija nje, kwenye mvua.