Kugombana na Marehemu Vilimani Pugu

Niseme mapema kwamba sikwenda porini kujitafuta. Wanaokwenda kujitafuta nimewaona. Walijaa basi zima la Kosta, na kila mmoja alikuwa ameshajipata na kujipiga picha kabla hatujatoka Buguruni. Mimi nilikwenda kugombana na mume wangu. Alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, na nyumbani kwangu Segerea hapakuwa na nafasi ya kugombana naye.

Vyumba vipo vya kutosha. Kisichokuwepo ni mtu kuachwa peke yake. Kwetu mjane haachwi. Jioni ile ile tuliyotoka makaburini, wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alishusha begi lake chumbani kwangu akatandika godoro chini ya dirisha. Nikiamka kunywa maji, naye anaamka. Nikichelewa bafuni, anagonga mlango. Sebuleni akina mama wa jumuiya wanapokezana zamu, na kila anayeketi ananikumbusha jinsi mume wangu alivyokuwa mtu wa watu. Naitikia tu. Ningesemaje? Wiki moja baada ya mazishi nilitoa viatu vyake vyeusi ili nimpe mdogo wake, nikakuta ndani ya kiatu cha kushoto mfuko wa nailoni umejaa vidonge vya presha. Vya miezi. Kila asubuhi nilimpa kidonge na glasi ya maji, naye ananitazama machoni, anameza maji. Kidonge alikuwa anakibana shavuni kama mtoto wa chekechea.

Sikumwambia mtu. Ningesema, wangeuliza mke alikuwa wapi. Lakini nilikuwa na maneno ya kumwambia yule bwana, na nilitaka kuyasema kwa sauti. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sijui kugombeza kimoyomoyo.

Ndipo mwalimu mwenzangu akaniingiza kwenye kundi lake la wapanda milima. Alinieleza habari zake pale ofisini kwetu huku amefumba macho: porini mtu anakuwa huru, anasikia ukimya, anarudi mpya. Mimi nimezaliwa Upare. Nimepanda na kushuka milima na mzigo wa kuni kichwani mpaka nilipokwenda chuo, na hakuna hata siku moja aliyenijulisha kwamba nilikuwa huru. Bibi yangu aliipanda milima ile maisha yake yote na alichovuna ni magoti mabovu. Ila neno ukimya lilinishika. Nikajiandikisha.

Wifi naye akajiandikisha.

"Wifi, nikuache uende porini na watu baki?" alisema. "Kaka yangu atanielewaje?"

Sasa, mpe mtu wa Dar jambo lolote, hata la kuwakimbia watu, atalianzishia kamati. Kundi lile lilikuwa na mwenyekiti, katibu, kamati ya chakula na kamati ya sare. Sare ilikuwa fulana ya kijani yenye maandishi kifuani kuhusu uhuru, na kwa wifi ilibana kiasi kwamba uhuru wenyewe haukusomeka. Juu ya Kosta walifunga viti vya plastiki, turubai, masufuria ya pilau, jenereta na spika mbili zenye urefu wa mtoto wa darasa la pili. Nikauliza spika za nini. Nikaambiwa za matangazo. Na kweli, walikuwa na MC, kijana anayeendesha sherehe za harusi kumbi za Tabata, ambaye hata akikuomba chumvi anakuomba kama anamkaribisha bibi harusi.

Vilima vya Pugu, kwa macho ya mtu wa Upare, ni kiwanja chenye mteremko. Wenzangu walivipanda kama wanakwenda kufa. Karani mmoja wa bima alikuwa na fimbo mbili za chuma na viatu vya kukanyagia theluji. Kila baada ya hatua chache watu walisimama, wakanyoosha mikono kama nguo zilizoanikwa, wakapigwa picha wakiutazama msitu ambao hawakuwa wameutazama mpaka kamera ilipotoka. Na kila tuliposimama MC alituhesabu. Kila mmoja alikuwa amepewa pacha wake, mtu ambaye haruhusiwi kumwacha hata akienda kujisaidia. Pacha wangu, bila shaka, alikuwa wifi, ndani ya khanga na ndala, akihema na kunishika mkono kila palipokuwa na jiwe.

Jioni tukaketi duara kwenye viti vya plastiki, kila mtu ataje mlima wa maisha yake. Yule wa bima alimtaja bosi wake, akalia. Zamu yangu ilipofika nikasema sina. Walinipigia makofi. Hata hilo wanalipigia makofi! Usiku sitausimulia. Muziki ulikoma jenereta lilipoishiwa mafuta, na wifi akalala mlangoni mwa hema, amejilaza kukatiza, kama kizingiti.

Alfajiri alikuwa bado anakoroma. Nikamruka.

Nilipanda bila njia, haraka, na ajabu ni kwamba miguu ilikumbuka kazi yake. Nilipita vichaka, nikafika kwenye mwamba mdogo ambako kambi haionekani wala haisikiki. Hapakuwa na mtu. Nikasimama pale na fulana yangu ya kijani. Nilijiona mjinga. Nimewacheka watu wazima siku nzima, na mimi ndiye niliyekuja msituni kuongea na marehemu.

Kisha nikasema, "Wewe mwanaume." Likatoka kwa sauti ile ile ya darasani, na baada ya hapo sikuhitaji kutafuta. Nikamwambia ni mwongo. Nikamwambia ni mwoga, na kwamba kila asubuhi alinitazama machoni akanifanya mpumbavu katika nyumba yangu mwenyewe. Nikamuuliza alitaka kumkomoa nani. Nikamwambia watu wanamsifia mpaka natamani kutapika. Nilikuwa napiga kelele, kamasi zinatoka, na nilikuwa sijajisikia vizuri namna ile tangu azikwe.

Kutoka chini, spika zikafufuka; kumbe walikuwa na mafuta ya akiba. "Tangazo, tangazo! Mama yetu wa Segerea, popote ulipo, unaombwa urejee kambini, chai iko tayari!" Kama anaitwa mwenye gari lililoziba geti la ukumbi. Nikasikia na filimbi, na jina langu likiitwa kutoka pande zote.

Nilipogeuka, MC alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu. Spika alikuwa amemwachia katibu. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani, lakini uso wake ulinijulisha kwamba amesikia vya kutosha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikajua kinachofuata: nitashikwa mkono, nitapelekwa chini, nitawekwa katikati ya duara.

Simu yake ikaita. Akapokea huku ananitazama.

"Hapana, huku hayupo," alisema. "Jaribuni upande wa barabarani. Mie bado natafuta."

Akaizima. Akanipa mgongo, akashuka kidogo, akakaa kwenye mzizi akiangalia bonde.

"Shikamoo mama," alisema bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa, ambayo sikujua anayo. "Endelea tu."

Nikaendelea. Nilisema mpaka nikafika kwenye lile nililokuwa sijui kama lipo, kwamba angeniambia anaviogopa vidonge tungekaa tukaviogopa wote. Hapo nikalia, kwa kelele, na hakuna aliyekuja kunishika.

Tulipokaribia kambi alinitanguliza peke yangu, yeye akazungukia kwingine. Wifi alinikimbilia, ndala moja mguuni, macho mekundu.

"Ulikuwa wapi wewe? Unataka kuumaliza ukoo kwa presha?"

Nilichoka kudanganya. "Nilikuwa nagombana na kaka yako," nikamwambia.

Nilitegemea anipigie kelele za kuita watu. Hakuita mtu. Kwa mara ya kwanza nikamwona vizuri, mwanamke wa miaka sitini ambaye kwa miezi mitano alilala sakafuni kwangu na hakuna aliyemuuliza yeye amempoteza nani.

"Wapi?" akauliza, chini chini.

Nikamwonyesha ule mwamba kwa kidevu. Akachukua ndala yake nyingine mbele ya hema, akajifunga khanga vizuri, akaenda.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikajimiminia chai. Katibu akaja mbio na daftari la mahudhurio, jasho linamtoka, akafurahi kunikuta, kisha akaanza kuhesabu upya na akakwama.

"Mama, pacha wako yuko wapi?"

"Sijamwona," nikamjibu. "Jaribuni upande wa barabarani."