Kisra ya Mtama Tupu

Mimi na wifi yangu Jalia tulianza kwa kutopendana, na sioni haya kulisema. Kaka yangu Swaib alimtoa kwao Inde, binti wa Kilugbara aliyekuwa akiitwa Driwaru, akasilimu, akaletwa mtaa wa Oli, mjini Arua, nyumbani kwa mama yetu. Sisi Wanubi tuna midomo. Nilimwambia Swaib mbele ya watu kwamba huyu atatulisha enyasa, ule ugali wa muhogo wa kwao, mpaka tusahau ladha ya kisra. Jalia alinisikia, akacheka, akaendelea kuosha vyombo. Mtu asiyejibu hunikera kuliko anayetukana, kwa hiyo nilimhesabu kuwa mjanja.

Mimi nimeolewa Koboko, na mengi ya mambo haya niliyapata kwanza kwa simu. Binti yao, Aminah, alikuwa hakui. Tumbo mbele, miguu vijiti, na kila alichokula kilimtoka upesi kuliko kilivyoingia. Walimtibu minyoo, wakamtibu malaria, wakamtibu minyoo tena. Majirani wakaanza kusema mama yake hajui kulisha, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mmoja wa waliosema. Mwaka jana daktari mmoja akachukua damu, akaipeleka Kampala, na jibu likarudi: mwili wa mtoto huyu haupatani na ngano. Si leo, si kesho, ni maisha yake yote. Hata chembe inatosha kumchubua utumbo, na dawa ni moja tu, asiile kabisa.

Sasa fikiria nyumba yetu. Asubuhi chai na mandazi. Mgeni akija, chapati. Idd, sambusa na tambi za sukari. Kumwambia Mnubi aache ngano ni kama kumwambia aache wageni. Swaib alidhani daktari anatania.

Jalia hakudhani hivyo. Alitoa unga wote wa ngano jikoni, akagawa kwa majirani, akanunua sufuria mpya za Aminah na ungo mpya na mwiko mpya, akavitundika ukutani peke yake ambapo mkono wa mtu mwingine haufiki. Swaib akitaka chapati aile barabarani, na akirudi asukutue mdomo kabla ya kumbusu binti yake. Mwanamume mzima, fundi wa pikipiki anayeogopwa na wateja wake, alikuwa akisukutua mdomo mlangoni kama mtu anayejiandaa kusali. Nilicheka sana niliposikia.

Akanipigia simu akaniomba nimtafutie muhogo usiosagwa mjini, kwa sababu mashine za mjini husaga kila kitu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyowahi kuniomba jambo. Nilimwendea rafiki yangu Kiden, mkulima wa Lobule, ambako mashine yao haijawahi kuonja ngano tangu iletwe. Kila mwezi Kiden aliupakia unga kwenye baiskeli mpaka kwangu, nami nikaupandisha gari la Arua. Kwa unga huo Jalia alijifunza vitu ambavyo hakuna aliyemfundisha. Aligundua kwamba ukiukanda unga wa muhogo kwa maji ya moto hasa, ya kuunguza vidole, unashikamana, na unaweza kuusukuma ukafunga sambusa. Bagia alizifanya za kunde. Mandazi yalimshinda wiki tatu, yakatoka mawe, Swaib akasema yatafaa kuzuia gurudumu la pikipiki. Wiki ya nne yalilika.

Na kisra, kwa bahati nzuri, haikuhitaji kubadilishwa. Hivyo ndivyo tulivyoamini sote. Kisra ni mkate wetu mwembamba, mpana, wa unga wa mtama uliochachushwa, unaomwagwa juu ya doka, lile bapa la chuma, ukatandazwa na kubanduliwa kabla haujakauka. Mtama si ngano. Daktari mwenyewe aliandika kwenye karatasi kwamba mtama unaruhusiwa. Basi kisra, ambayo zamani tulipika Ijumaa na siku za wageni, Jalia akamwomba mama mkwe wake aipike kila siku. Mama alifurahi. Kwetu kisra ni mali ya mama wa nyumba. Mkaza mwana atapika mchuzi, atapika nyama, lakini chungu cha chachu hakigusi mpaka mama mkwe achoke mwenyewe amkabidhi. Mama yetu ana miaka sabini na mitatu na hajachoka.

Aminah alipelekwa kupimwa baada ya mwezi mmoja: kilo kumi na tatu, palepale. Baada ya miezi miwili: kumi na mbili na nusu. Ana miaka sita mtoto huyo. Daktari alikunja uso. Alisema kama kweli ngano imekoma na mtoto bado anapungua, basi kuna ugonjwa mwingine umejificha nyuma ya huu. Akipimwa mara ya tatu bila kuongezeka, watamwandikia kwenda Kampala akachunguzwe tumboni kwa vyombo. Jalia akawa hapati usingizi. Alipika, akafua, akapangusa meza ile ile mara tatu, na kila alipomtazama mtoto alikuwa akitafuta huo ugonjwa mwingine.

Swaib alinipigia akisema njoo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Mimi nilikwenda na kilo mbili za sukari na maneno tele ya kumwambia wifi yangu jinsi ya kulea.

Nilifika Alhamisi. Ijumaa asubuhi Jalia alikwenda kuchota maji, nami nikakaa na Mama karibu na moto kama nilivyokaa tangu nikiwa mdogo. Alikuwa na kile kipande cha plastiki alichokikata kwenye dumu la mafuta, anatandazia nacho, na kisra zilikuwa zikitoka nzima, nyembamba, zinapishana mkononi mwake. Alipomaliza alisema nimpe kopo lake nyuma ya gunia la mkaa. Nikampa. Nimempa kopo hilo tangu nina miaka saba. Akachota ngumi moja ya unga mweupe, akautia kwenye chungu cha chachu, akaukoroga kwa ajili ya kesho. Nami nikaendelea kumsimulia habari za harusi fulani ya Koboko.

Saa saba tukaketi kula. Jalia alimega kisra, akaichovya kwenye mchuzi wa bamia, akamsogezea Aminah mdomoni. Alimwambia ale, hii ni mtama tupu, haina neno.

Hapo ndipo nilipoliacha tonge langu. Mtama tupu? Hakuna binti wa nyumba yetu asiyejua kwamba chachu hulishwa ngano. Ngumi moja kila siku. Mtama peke yake hauna mshiko, kisra hupasuka juu ya doka na mpishi akachekwa. Mimi hufanya hivyo Koboko, bibi yangu alifanya hivyo. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba hatujawahi kulitamka. Na aliyekuwa halijui ni mmoja tu, yule ambaye kwa desturi yetu haruhusiwi kukisogelea chungu. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi nguo tuliifuma wenyewe.

Nilimtazama Mama. Nikisema, ninamvua heshima mzazi wangu mbele ya mkaza mwana wake, kwenye sinia moja. Nisiposema, mtoto anameza. Nilimpokonya Aminah tonge lake kwa nguvu hadi akalia.

"Usipe yeye," nilimwambia Jalia. "Ndani iko ngano."

Mama ndiye aliyesema kwanza, tena kwa hasira, kwangu mimi, si kwa Jalia.

"Hiyo si ngano tena. Ngano ikilala kwa chungu, chachu nakula yote, inabaki maji tu. Wewe mwenyewe ilikula hiyo ukakuwa mkubwa."

Naye aliamini. Hakuwa amemficha mtu kitu. Alikuwa amesikia marufuku ya ngano akaitii: aliacha chapati zake, akaacha mandazi ya alfajiri, mwanamke mzee akanywa chai kavu miezi miwili kwa ajili ya mjukuu wake. Lakini chachu kwake si chakula. Chachu ni chachu, na kopo lile kwake lilikuwa la chachu, si la unga wa jikoni.

Jalia aliuliza polepole kama ni kila siku. Mama akajibu kila siku, ngumi moja. Nilijiandaa kwa kelele. Mimi ningepiga kelele mpaka msikitini wanisikie. Jalia akaketi vizuri, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika. Nilipomshika nikaona analia na kucheka kwa pamoja.

"Basi hakuna ugonjwa ingine," alisema. "Wifi, iko ngano tu. Hakuna ingine."

Akalirudia hilo mara nne, tano. Na mimi, niliyekuja kumfundisha kulea, nilimfuta machozi kwa mtandio wake mwenyewe. Nilimkumbatia mwanamke yule kwa mara ya kwanza katika miaka minane, na harufu yake ilikuwa ya muhogo na sabuni.

Mama hakucheka. Alichelewa kuelewa, na alipoelewa alikibeba kile chungu nyuma ya nyumba, akamwaga yote kwenye majani, akarudi akaketi kwenye mkeka ukutani. Kuanzia siku ile hakusogea motoni tena. Alikula akipewa. Aminah akimjia mapajani, anamwambia nenda kwa mama yako, kana kwamba mikono yake ina sumu. Jalia alimsihi, Swaib alimsihi, mimi nilimfokea kidogo, maana ndiyo njia yangu ya kusihi. Hakuna kitu.

Jalia alianzisha chachu mpya ya mtama na maji kwenye ndoo safi. Siku ya pili ilinuka vibaya, na kutoka mkekani Mama akasema bila kumtazama mtu kwamba hiyo haifunikwi kwa mfuniko, ni kitambaa. Alisema hilo tu. Siku ya tano povu likapanda. Kisra ya kwanza ilipasuka vipande saba, ya pili ikang'ang'ania doka. Jalia akakumbuka jinsi mama yake wa Inde anavyoupa ugali mshiko, akapika uji mzito wa muhogo, akaupoza, akauchanganya mwiko mmoja kwenye rojo. Ya tisa ikabanduka nzima, nene kidogo, lakini nzima. Mama alikula zile zilizopasuka, zote nane, na hakusema ni mbaya. Kwa anayemjua Mama, hiyo ni sifa kubwa.

Daktari alipoelezwa habari ya chachu aliandika kwenye daftari lake, akaongeza muda. Wiki saba. Nilirudi Koboko, nikapika kisra yangu kwa mikono isiyo na raha, na wiki ya saba nikapanda gari tena kwa sababu sikuweza kungoja habari nikiwa mbali.

Jalia na Swaib walikwenda na mtoto asubuhi. Mama alikataa kwenda. Tulibaki wawili, yeye akichambua mtama kwenye ungo, mtama uliokwisha chambuliwa jana yake, nikajifanya sioni. Ilipofika saa tano bila simu nilianza kukasirika na daktari, na Swaib, na mtandao. Mama hakuuliza saa hata mara moja. Midomo yake ilikuwa ikitembea, anasoma dua.

Simu ililia. Nilisikia kilo kumi na nne na nusu. Nikamwomba Jalia arudie, akarudia. Kilo mbili zimeongezeka. Hakuna Kampala. Nilimshukuru Mungu kwa sauti ambayo jirani aliitokea dirishani, nikambandika Mama simu sikioni kwa sababu mikono yake haikuipokea.

Alisikiliza. Machozi yalimshuka bila sauti, na sikuwa nimemwona akilia tangu tulipomzika baba.

"Jalia," alisema. "Mimi ilikuwa karibu kuzika huyu mtoto na mkono yangu."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilisikia pikipiki za huko barabarani, nikasikia Aminah akidai kitu. Jalia angeweza kusema si kitu, angeweza kusema yamepita, maneno ambayo sisi sote tulikuwa tumeyasema wiki saba bila faida.

"Mama, washa moto," alisema. "Sisi iko nakuja. Mtoto iko na njaa, nataka kisra ya mkono yako."

Mama alinirudishia simu, akajifuta uso, akainuka akishika ukuta. Aliniuliza kiberiti kiko wapi.