Hesabu Mpaka Kumi na Nne

Shangazi yangu ndiye anayeshika ufunguo wa stoo ya klabu ya gofu, na kazi yake, ukiieleza kwa ufupi, ni kuwazuia watu wazima wasisahau vitu vyao. Nilipolieleza hilo darasani, wenzangu walicheka. Wangekaa nami Jumamosi kwenye lile benchi la stoo, ninapomsubiri huku nikifanya kazi za shule, wasingecheka. Wangeshangaa kama ninavyoshangaa mimi.

Mchezaji wa gofu anaruhusiwa fimbo kumi na nne. Si mia nne. Mtoto wa chekechea akimaliza vidole vyake na kuazima vinne vya jirani anaweza kuzihesabu. Lakini mpe mwenye kiwanda fimbo hizo asubuhi, mwache azunguke mashimo kumi na nane, mchana atakurudishia kumi na tatu pamoja na hadithi ndefu.

Mwanzoni nilidhani zinapotea kwa bahati mbaya. Shangazi akanielewesha. Mchezaji huacha kigari chake njiani, akasogea karibu na shimo na fimbo mbili tatu mkononi kwa sababu hajui atahitaji ipi. Anapiga kwa moja, anazilaza nyasini alizomaliza nazo, anabaki na ile ya kusukumia kipira shimoni. Kipira kikiingia, anachekelea. Kikikataa, ananuna. Vyovyote vile anaondoka akijifikiria yeye, na fimbo zinabaki zimelala pale pale.

"Hawasahau fimbo," Shangazi husema. "Wanajikumbuka wenyewe mno, mpaka fimbo inakosa nafasi."

Alianza pale klabu miaka kumi na tisa iliyopita, akiosha vikombe. Mtunza stoo aliyemtangulia alimpa daktari mfuko wa fimbo wa mwanasheria, na mwanasheria akapewa wa daktari, na mabwana hao wakacheza mashimo yote kumi na nane bila kugundua. Waligundua nyumbani. Aliyefukuzwa ni mtunza stoo. Shangazi akakabidhiwa ufunguo kwa sababu katika zamu yake hakikuwahi kupotea hata kijiko cha sukari.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kununua rangi za kucha. Kila mwenye mfuko ana rangi yake, na kila fimbo yake ina nukta ndogo chini ya mshikio: nyekundu ya daktari, kijani ya mwanasheria, fedha ya yule mjane anayecheza peke yake. Chupa zimepangwa rafuni juu ya meza yake. Kucha zake mwenyewe sijawahi kuziona zimepakwa.

Kitu cha pili kilikuwa sheria yake ya "gusa, taja". Mwenye mfuko hatoki stoo wala harudi bila kuweka mkono wake mwenyewe juu ya kila fimbo na kuitaja namba yake kwa sauti. Shangazi akihesabu kwa niaba yao, husema, wao wanapata usingizi. Nyumbani nasi hatukusalimika. Sitoki mlangoni asubuhi bila kugusa na kutaja: daftari, kalamu, kitambulisho, ufunguo. Baba ni mdogo wake, ana mvi kidevuni, na bado husimama mlangoni akitaja simu, pochi, kofia.

Wachezaji wengi walizoea. Aliyekataa ni Mkandarasi. Huyu hujenga maghorofa, na huja na miwani moja ya jua juu ya kofia, nyingine inaning'inia shingoni, halafu anauliza nani kaona miwani yake.

"Mama Stoo," alikuwa akimwambia, "nimejenga ghorofa kumi na mbili mjini. Leo unanihesabisha kama mtoto wa chekechea?"

"Ghorofa hazitembei, bosi. Hesabu."

Alihesabu akiruka namba kama mtu anayeruka madimbwi. Shangazi alimrudisha mwanzo. Wenzake wakamcheka, na hilo ndilo lililomuuma.

Ndipo akaleta zawadi kwa klabu: sanduku la vidude vya duara, kama vifungo vya koti, vya kufungwa kwenye ncha ya mshikio wa kila fimbo. Kila kidude kinaongea na simu ya mwenye fimbo. Simu inaonyesha kila kimoja kiko wapi, na ukikiacha nyuma inalia.

Meneja alivipokea kwa mikono miwili. Meneja wetu ni mtu anayekubaliana na yeyote mwenye gari kubwa kuliko lake, na gari lake ni dogo sana.

"Mama, ni majaribio ya mwezi mmoja tu," alimwambia Shangazi mbele yangu. "Yakifaulu, stoo itajiendesha yenyewe. Wewe tutakupumzisha."

"Mtanipumzishia wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani ninapo tayari. Nilikuja hapa kutafuta kazi."

Jioni ile alihesabu vijiko vyetu mara mbili. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana karo yangu inatoka kwenye ufunguo ule na wote mezani tulilijua hilo.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa za aibu kwetu. Simu zililia, watu wakarudi kuokota fimbo zao, na Meneja akapita dirishani akitabasamu kama mtu aliyevibuni vile vidude mwenyewe. Ikabaki Jumamosi ya mwisho.

Siku hiyo Mkandarasi alikuja na wageni wawili aliotaka kuwaonyesha ukubwa wake. Shangazi aliponyoosha mkono kuelekea mfuko, yeye akauvuta.

"Usiguse. Simu inahesabu." Akawageukia wageni. "Huyu mama alikuwa akituimbisha namba hapa. Enzi za giza hizo."

Shangazi aliweka mikono nyuma na kusema, "Mchezo mwema, bosi." Nilitamani kumrushia Mkandarasi rula.

Saa nne baadaye walirudi. Mkandarasi alisukuma mfuko mlangoni bila hata kusimama, akaenda kwenye veranda kunywa. Shangazi hakuugusa, maana aliambiwa asiguse. Alikaa kwenye kiti chake akiangalia nje ya dirisha, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake.

Mkandarasi alipokuja kuuchukua mfuko akaona pengo. Akainama, akapapasa, akasimama wima.

"Fimbo zangu mbili ziko wapi?"

"Sijui ulitoka na ngapi, bosi. Ulinikataza kugusa."

Akatoa simu, akamwonyesha Meneja aliyefika mbio, akawaonyesha na wageni. "Tazameni. Kumi na nne, zote zimo ndani ya chumba hiki. Simu haidanganyi. Kwa hiyo kuna mtu kazichomoa humu na kuzificha humu."

Chumba kina watu wangapi wa kuficha fimbo? Macho yote yalimwendea Shangazi. Meneja akaomba kuona mkoba wake. Ninaapa aliuomba. Mkoba usioweza kumeza mwavuli, na mtu mzima mwenye tai akauchungulia akitafuta fimbo mbili zenye urefu wa mkongojo. Alikuta kitambaa, dawa ya kifua na daftari langu la sayansi.

"Mama, nadhani ingefaa uniachie ufunguo," akasema, mkono mbele, "mpaka tulichunguze jambo hili."

Nilisimama. Shangazi akanitazama mara moja tu, nikakaa.

Alifungua fundo la kitambaa kiunoni, akautoa ufunguo, akaushika. "Nitakupa. Lakini stoo hii ikifungwa, hufungwa kwa hesabu. Bosi ahesabu kwanza. Gusa, taja."

"Upuuzi," alisema Mkandarasi.

"Si dakika moja tu?" aliuliza mmoja wa wageni. "Hesabu tuondoke."

Basi akahesabu. Aligusa, akataja, sauti ikizidi kupungua, na ilipofika kumi na mbili ikaisha.

"Kumi na mbili," Shangazi alirudia. "Na simu inasema?"

"Kumi na nne."

"Iambie iviite vidude vyote."

Alibonyeza. Mfuko ukaanza kulia kama vifaranga waliofungiwa, lakini si juu kwenye mishikio. Ulilia pembeni, kwenye mfuko mdogo wa zipu. Meneja akaufungua kwa mkono mmoja. Ndani mlikuwa na glavu moja, na ndani ya glavu vidude vyote kumi na vinne, vimejazana kwenye vidole kama njugu.

Mgeni wa pili akakohoa. "Mbona umevitoa?"

"Vilikuwa vinaniharibia mshiko," alisema Mkandarasi, akiangalia viatu vyake vyeupe.

Yaani mtu alinunua kengele za kumfunga ng'ombe asipotee, akazivua, akaziweka mfukoni, kisha akamshitaki mchungaji. Nimesoma kwamba ubongo wa binadamu una uzito wa kilo moja na theluthi hivi. Siku hiyo niliona kwamba uzito si hoja.

Shangazi akalisukuma pazia mpaka mwisho. Dirisha la stoo linatazama shimo la mwisho, la kumi na nane, hatua chache tu kutoka pale. Kwenye nyasi, upande wa mbali wa shimo, fimbo mbili zilikuwa zimelala sambamba kama mke na mume. Bomba la kumwagilia lilikuwa limeshafunguliwa, maji yanazunguka polepole, yanazilowesha, yanaenda, yanarudi kuzilowesha tena.

"Nukta ya zambarau," Shangazi alisema. "Za kwako, bosi."

Mkandarasi alisubiri kidogo, labda mtu ajitolee kumletea. Meneja akapata kazi ya ghafla kwenye tai yake. Wageni waliangalia dari. Basi akaenda mwenyewe, na sisi sote tukamwangalia dirishani akipima mzunguko wa maji, akikimbia, akikosea, akirudi na shati limemganda mgongoni.

Meneja alikuwa bado amenyoosha mkono wa ufunguo. Aliutazama kama si wake, akaurudisha. "Basi mama, tuendelee kama kawaida."

"Kawaida ipi? Ya mwezi huu au ya miaka yote?"

"Ya miaka yote."

Shangazi akaufunga ufunguo kwenye kitambaa chake.

Tulipokuwa tukienda nyumbani nilimuuliza aliziona lini zile fimbo.

"Alipoagiza kinywaji."

"Na wewe ukakaa kimya, Shangazi? Wakati Meneja anataka ufunguo?"

"Ningemwambia, angezipata," alisema. "Asingehesabu."

Jumatatu kulibandikwa tangazo mlangoni mwa stoo: kila mchezaji azihesabu fimbo zake kwa sauti, wakati wa kutoka na wa kurudi. Chini kulikuwa na sahihi kubwa ya Meneja, kana kwamba wazo lilimjia akioga. Shangazi alilisoma, akalinyoosha kona iliyokuwa imekunjamana, akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata Mkandarasi alikuja peke yake, miwani zote mbili zipo. Hakusalimia. Aliweka mkono juu ya mfuko akaanza, moja, mbili, tatu, haraka haraka, mpaka kumi na nne, akashika mkanda wa mfuko aondoke.

Shangazi hakuinua kichwa. Alikuwa akifunga kizibo cha chupa ya rangi.

"Ya tatu hukuigusa, bosi," alisema. "Anza tena."